Jinsi ya kufunga tekinetiamu ukiwa Vudee

Mwongozo huu ni kwa ajili ya Mpare mwenzangu ambaye mjomba wake ameambiwa na daktari aende Dar es Salaam kupigwa picha ya mifupa kwa dawa ya nyuklia. Amekaa chini, amepiga hesabu ya nauli, malazi, chakula cha mgonjwa na chakula cha msindikizaji, kisha ameuliza swali ambalo mtu yeyote wa Vudee mwenye akili timamu angeuliza: kwani hiyo dawa haiwezi kutengenezwa hapa hapa?

Inaweza. Watani zetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Kwa mtu wa moyo huo, kufunga metali yenye mionzi ndani ya kichupa ni kazi ya asubuhi moja tu. Fuata maelekezo.

Kwanza ondoa hofu, maana kemia yenyewe unaifanya kila siku bila kujua. Chukua kisu cha zamani, kile cha chuma kisicho na mng'ao, umenye ndizi mbichi. Baada ya ndizi tatu hivi kisu kimekuwa cheusi na vidole vyako pia, na sabuni haivitoi. Utomvu wa ndizi una viini vinavyoikamata atomu ya chuma na kuifumbata, na rangi nyeusi unayoiona ni ya huo mshikamano. Chai ya rangi hufanya vivyo hivyo ikikaa kwenye chombo chenye kutu. Kwa hiyo mama yako amekuwa akifunga metali tangu kabla hujazaliwa, isipokuwa hakuwahi kulipwa posho ya mazingira magumu.

Wanakemia wana jina la mfungo huu, kelati, walilolichukua kwenye neno la Kigiriki la gando la kaa. Hapa Vudee kaa wa baharini hatumjui, lakini mtoto yeyote aliyechezea mtoni anamjua kaa wa chini ya jiwe. Anajua pia kwamba gando moja likikubana unalitoa kwa kelele, na magando mawili yakikubana unamwita mama. Siri iko hapo. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba moja, kamba ikikatika amekwenda zake shambani kwa jirani na wewe umepata kesi. Aliyefungwa kwa kamba sita, moja ikilegea zile tano zinamshikilia mpaka ile ya sita irudi mahali pake. Dawa za picha za nyuklia, kwa sehemu kubwa, ni ufundi wa kumfunga mbuzi mmoja mkorofi kwa kamba nyingi, kisha kumpeleka mahali fulani mwilini bila kumwachia njiani.

Sasa mbuzi mwenyewe. Usiende mtoni na ungo. Najua historia yetu inakushawishi: Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi, waliosha mchanga mweusi wa mitoni wakapata chuma, wakafua majembe yaliyouzwa mpaka Uchagani. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, ameeleza jinsi Washana walivyotawala kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Ni fahari yetu, lakini haitakusaidia. Metali unayoitaka, tekinetiamu, haina hata aina moja iliyo imara. Yote iliyokuwapo dunia ilipoumbwa ilikwisha kuoza zamani. Kwenye jedwali la elementi nafasi yake, namba 43, ilikaa wazi miaka na miaka kama kiti cha mjumbe aliyehamia Dar.

Ilipatikana mwaka 1937 kule Palermo, Italia, na namna ilivyopatikana itakufurahisha wewe unayependa vifurushi vya kutumiwa. Ernest Lawrence wa Marekani alimtumia Emilio Segrè kipande cha molibdenamu kilichokuwa kimepigwa chembe ndani ya mashine yake ya Berkeley. Kilikwenda kwa posta. Segrè na mwenzake Carlo Perrier wakakichambua wakakuta ndani yake elementi mpya. Wakaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kutengenezwa. Hebu jaribu leo kupeleka kipande cha metali yenye mionzi kwenye dirisha la vifurushi vya basi pale Makanya, umwambie kijana wa mizigo aandike "dhaifu, shika kwa uangalifu".

Utakachoagiza wewe si tekinetiamu. Utaagiza mama yake, molibdenamu-99. Hutoka kwenye vinu vichache vya nyuklia duniani, na kimojawapo kiko kwetu Afrika: SAFARI-1 cha Pelindaba, karibu na Pretoria, kilichowashwa mwaka 1965. Molibdenamu hii hupungua kwa nusu kila saa 66, na kila inapooza huzaa tekinetiamu-99m, ambayo nayo hupungua kwa nusu kila saa sita. Inafika imewekwa kwenye mtungi wa risasi mzito wa kumtoa jasho mpagazi, na ndani ya risasi kuna kineli kidogo chenye unga wa oksidi ya alumini. Molibdenamu hung'ang'ania unga huo kwa sababu ina chaji mbili. Tekinetiamu inayozaliwa ina chaji moja, kwa hiyo haishiki sana. Ukipitisha maji ya chumvi, haya haya ya dripu, mtoto anatoka na maji na mama anabaki.

Wamarekani waliobuni mtungi huu katika maabara ya Brookhaven mwaka 1958, Walter Tucker na Margaret Greene, walikuwa wanashughulikia kitu kingine kabisa, iodini, wakaona kuna uchafu fulani unaotoka pamoja na maji. Uchafu huo ndio leo unaopiga picha za mamilioni ya watu. Wenyewe kwa utani huuita mtungi huo ng'ombe, na kazi yake kukamua.

Kwa ruhusa yao, mtu wa Vudee angewapa jina bora zaidi. Hicho ni ndiva. Kijito ni kidogo, hakiwezi kumwagilia mashamba yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiku unaziba bwawa, maji yanajikusanya, na alfajiri mwenye zamu anafungua. Mtungi ni vivyo hivyo: ukishaufungua leo asubuhi, unauacha, na kesho wakati kama huo umejaa tena. Ukiufungua mapema unapata nusu bwawa. Ukichelewa hupati zaidi, maana yanayoingia yanalingana na yanayovuja. Na kama ilivyo kwa kijito cha kiangazi, kila siku bwawa hujaa pungufu ya jana. Baada ya wiki moja kijito kina 17 tu kwa kila 100 ulizoanza nazo. Tofauti ni moja: kwenye ndiva ya molibdenamu huwezi kuwashitaki watu wa juu kwamba wamekuibia zamu. Aliyeiba ni saa ya ukutani.

Piga hesabu basi. Mzigo ukikaa siku tatu kati ya kinu, viwanja vya ndege, ushuru wa forodha na mlima wetu, zaidi ya nusu imekwisha kabla hujafungua sanduku. Na usisahau karatasi. Sheria ya Nguvu za Atomu, namba 7 ya mwaka 2003, inataka uwe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo ina ofisi Njiro, Arusha. Hapa ndipo sina wasiwasi na wewe. Mwaka 1945, wakati wa vuguvugu la Mbiru, wazee wetu walishuka kwa maelfu wakakaa Same kumpinga mkoloni na kodi yake, na hawakuwa na haraka ya kurudi. Mjukuu wao atashindwa na fomu? Ila ukumbuke kwamba fomu itakuuliza chumba kina kuta za unene gani, nani amesomea ufamasia wa nyuklia, na maji ya kunawa yanakwenda wapi. "Yanakwenda Bangalala" si jibu zuri.

Tuseme umepata. Sasa ni alfajiri, umefungua ndiva, una kichupa cha maji ya chumvi yanayoonekana kama maji ya chumvi. Ndani yake kuna tekinetiamu, lakini haifungiki. Imekwisha kukopesha elektroni saba, na atomu nne za oksijeni zimeizunguka kama ndugu waliokuja msibani na hawataki kuondoka. Ukimchoma mgonjwa hivyo ilivyo, itakimbilia tezi ya shingo, tezi za mate na tumbo, kwa kuwa mwili unaidhania iodini. Ukitaka picha ya tezi ya shingo, sawa, kazi imekwisha, nenda kanywe chai. Lakini mjomba anaumwa mgongo na ana ugonjwa wa tezi dume. Mifupa ndiyo inayotakiwa.

Hapa ndipo bati linapoingia. Silo lile lililoezekea nyumba yako, maana lile ni chuma kilichopakwa zinki na jina tumelikosea miaka yote. Ni bati lenyewe, lile linalochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, likiwa katika chumvi yake ya kloridi. Kila atomu ya bati iko tayari kutoa elektroni mbili. Inairudishia tekinetiamu, oksijeni zinakosa sababu ya kukaa, zinaondoka, na metali inabaki wazi ikitafuta wa kuishika. Ikimkosa kwa haraka itashikana na maji na kuwa tope dogo lisiloonekana, ambalo likiingia mwilini huishia kwenye ini. Ndiyo maana mfungaji anatakiwa awe amesimama pale pale, ndani ya kichupa kile kile, mikono imekunjuliwa.

Mfungaji wa mifupa ni fosfonati ifupishwayo MDP, binamu wa fosfati zilizomo kwenye mfupa. Upande mmoja unashika tekinetiamu, na upande mwingine una mapenzi na mfupa, hasa mfupa unaojijenga kwa pupa. Saratani ya tezi dume ikivamia uti wa mgongo huufanya mfupa uhangaike kujijenga, na hapo dawa hujazana. Ukibadili mfungaji unabadili safari. DTPA yenye mikono minane huipeleka metali kwenye figo. Sestamibi haina mikono mingi. Badala yake molekuli sita zinaizunguka tekinetiamu, kila moja na mkono wake mmoja, msaragambo kamili, na zikishaibeba zinaingia nayo kwenye msuli wa moyo. Metali ni ile ile moja, mwenye kuamua njia ni aliyeishika. Mimi hili ndilo linalonishangaza kuliko mionzi yote: mwili haumjui abiria, unamjua dereva.

Mwaka 1970 William Eckelman na Powell Richards walionyesha kwamba bati na mfungaji vinaweza kukaushwa pamoja ndani ya kichupa kimoja, vikasubiri rafuni. Asubuhi unachoma sindano ya tekinetiamu kupitia kifuniko cha mpira, unatikisa, unasubiri dakika chache, dawa tayari, kama kahawa ya unga. Kwa hiyo ile sehemu uliyoidhania ngumu, kemia yenyewe, ilirahisishwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kichupa hakihitaji profesa.

Kinahitaji tu usikipulizie hewa, na hili nalisisitiza kwa sababu najua mazoea yetu ya kufungua chupa tuone kama kimo. Ndani mmejazwa naitrojeni makusudi. Hewa ikiingia, bati litampa oksijeni elektroni zake kwa ukarimu wa kijinga, na tekinetiamu itakapofika itakuta deni halina wa kulilipa. Utamchoma mjomba dawa ya mifupa, na kamera itakuonyesha shingo na tumbo vinang'ara kama taa za harusi huku mifupa ikiwa kwenye ukungu. Wala usichanganyie kwenye sufuria ya alumini. Hata alumini kidogo inayovuja kutoka kwenye kile kineli huharibu dawa ikawa chembechembe, sembuse sufuria.

Ili kujua kama umefaulu, huna haja ya mashine ya bei mbaya. Kata vipande viwili vyembamba vya karatasi ya maabara. Dondoshea tone moja la dawa karibu na ncha ya chini ya kila kimoja. Kimoja kisimamishe kwenye asetoni, ile ile inayotolea rangi ya kucha, na kingine kwenye maji ya chumvi, uache kimiminika kipande chenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari. Kwenye asetoni, tekinetiamu isiyofungwa hukimbilia juu na iliyofungwa hubaki chini. Kwenye maji ya chumvi iliyofungwa hupanda na lile tope hubaki chini. Kata karatasi katikati, pima mionzi ya kila nusu, toa hesabu. Iliyofungwa sawasawa isipofika 90 kwa 100, mwaga kwenye pipa lake la risasi na umwombe mjomba radhi. Hii ndiyo hatua niipendayo katika kazi nzima. Mtambo wa nyuklia, ndege, sheria ya bunge, na mwisho wa yote hukumu inatolewa na kipande cha karatasi kinachonyonya maji.

Msomaji makini ameshaona kasoro. Hata ukiyafanya yote, utahitaji kamera ya gama ya kuipiga hiyo picha, na Vudee haipo. Iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika eneo ambalo Wajerumani walijenga hospitali mwishoni mwa karne ya 19, na nyingine iko Bugando, Mwanza. Usikate tamaa. Kuna njia ya pili: kamera tuazime, dawa ifungwe Dar, iletwe kwa basi.

Haya. Dawa imefungwa saa kumi na mbili asubuhi na basi linaondoka. Tuiite 100. Basi likifika Makanya saa nane mchana, ukiweka na pale Korogwe lilipokaa kwa ajili ya chakula, dawa imebaki 40. Hapo unashuka, unangoja gari la kupanda mlimani lijae, na kama ujuavyo gari halijai kwa sababu limejaa. Linajaa dereva akiridhika. Mvua ikiwa imenyesha, mtashuka kwenye kona fulani na kusukuma. Ukifika nyumbani saa kumi na mbili jioni una 25. Ukisema umpumzishe mjomba mpaka kesho alfajiri, utamchoma sita na kidogo. Dawa haijaharibika, tafadhali. Magando hayajafunguka hata moja. Metali bado imefungwa barabara, isipokuwa iliyobaki haina tena mionzi ya kuonekana. Umesafirisha mbuzi aliyefungwa vizuri sana, amekufa njiani.

Kuna vijana wa sasa watakaokwambia tekinetiamu imepitwa na wakati, tumia galiamu-68. Waulize nusu uhai wake. Ni dakika 68. Hiyo haifiki hata Chalinze. Ila ndiva yake inavutia mtu mbahili: mama yake, jerimaniamu-68, hupungua kwa nusu kwa siku 271, kwa hiyo mtungi mmoja hufunguliwa karibu mwaka mzima. Tabu ya galiamu iko kwenye damu. Inafanana mno na chuma, na damu ina protini ya kubeba chuma ambayo ikiiona galiamu inaipora mikononi mwa aliyeishika. Kamba za kawaida hazitoshi. Hutumika mfungaji aitwaye DOTA, pete yenye sehemu nane za kushikia, mkaidi kupita posa ya Kipare: kuingia ni kazi, unachemshwa dakika kadhaa kwenye joto la nyuzi 95 hivi, lakini ukishaingia hutoki, hata damu ije na wazee wake. Kwa hili Vudee tuna bahati ya pekee. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka nyuzi moja chini ya yale ya pwani, ndiyo maana makande ya mlimani yanakula kuni. Wakati watu wa Dar wanahangaika kuweka kipimo cha joto sawa, sisi sufuria ikitokota tunakuwa hatuko mbali na panapotakiwa. Nimeliandika hili kwa sababu ni faida pekee niliyoipata ya kufanyia kazi hii kijijini kwetu, na nimeitafuta sana.

Mimi mwenyewe, baada ya kuyapima haya yote, nilimpeleka mjomba wangu mjini kwa basi. Tulichelewa. Tulipangiwa saa mbili asubuhi tukafika saa tano, kwa sababu mjomba aliona kulala gesti ni kutupa hela na tulipanda la usiku, nalo likapata pancha. Mhudumu hakugomba. Alikwenda nyuma ya kioo cha risasi, akapima kichupa kilichofungwa asubuhi, akavuta kwenye bomba la sindano ujazo mkubwa kuliko aliokuwa amewavutia wa mwanzo, kufidia saa tulizopoteza.

"Shikamoo mzee. Leta mkono."

"Marahaba mwanangu. Hiyo metali yenyewe humo ni kiasi gani?"

Binti akacheka, akasema ni kidogo mno, haipimiki kwa mizani. Nilipofika nyumbani nikakokotoa. Dozi ya kawaida ya mtu mzima kwa picha ya mifupa, bekereli milioni 740, ni kama gramu nne ukizigawa mara bilioni moja. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito zaidi ya mara elfu kumi ya hiyo. Nilipompigia simu kumweleza, mjomba alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nauli ya kwenda na kurudi nayo ilipigwa kwa mizani hiyo hiyo.

Baada ya sindano alitakiwa kunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara kwa saa tatu, ili dawa ambayo haikushika mfupa, karibu nusu yake, itoke na mkojo isiukoleze mwanga wa kibofu na kuficha nyonga. Alikunywa chupa mbili za lita moja na nusu. Alikwenda msalani mara saba. Najua kwa sababu kila mara alinikabidhi kofia. Kisha akalazwa chini ya kamera kama nusu saa, bila kuguswa, bila kelele, akasinzia. Kwenye skrini mifupa yake ilijichora nukta kwa nukta, mbavu kwanza, halafu uti wa mgongo, kama mtu anayepanga punje za mahindi kwenye kitambaa cheusi. Ilichoonyesha ni siri yake na daktari wake. Jioni ile aliambiwa asimbebe mjukuu mpaka kesho yake, na hilo ndilo lililomuuma kuliko sindano.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Vudee, kama bado una nia ya kufungia nyumbani, mwongozo ni huo hapo juu na kibali kiko kwa Tume ya Nguvu za Atomu. Kama umeghairi na unampeleka mgonjwa mjini, teremka siku moja kabla, lala kwa ndugu, beba maji ya kunywa ya kutosha, na ukipangiwa saa mbili asubuhi uwe umekaa kwenye benchi saa moja na nusu. Dozi ya mgonjwa wako imefungwa alfajiri ile, na ikifika mchana itakuwa imebaki nusu, uwe umefika au hujafika.